Chumba Kilichochorwa kwa Kidole

Damien aliponunua simu ya mkono wa pili sokoni Uvira, alitarajia kukuta ndani yake picha za harusi ya watu wengine na labda wimbo mmoja wa kwaya. Alikuta pango.

Kwa usahihi zaidi, alikuta programu ya kupimia mapango. Mwenye simu wa zamani, bila shaka mwanafunzi aliyeishiwa, alikuwa ameisahau humo. Unaielekeza simu gizani, yenyewe inajua dira na mteremko. Unaiambia umbali uliopima kwa kamba. Kisha unachora kuta kwa kidole, na pango linatokea kwenye kioo kama nyumba iliyokatwa ubavuni. Ilikuwa kazi ya watu wakweli, iliyotengenezwa ili watu wakweli wasipotee chini ya ardhi. Damien aliitazama kwa heshima kubwa, akagundua jambo ambalo watu wakweli hawakuliwazia: kidole hakiulizwi kitu. Ukichora chumba, chumba kipo.

Na pango alikuwa nalo. Marehemu baba yake alimwachia kipande cha mlima juu ya Kilibula, mawe matupu, mahali ambapo hata muhogo ulikataa kuota. Katikati ya mawe hayo palikuwa na tundu refu kuliko mtu, na ndani ya tundu palikuwa na popo. Damien alikuwa na uwezo wa kumlaghai kiumbe yeyote mwenye masikio, isipokuwa popo, ambao wana masikio makubwa na hawasikilizi. Hakuwahi kuvuka mlango wa pango hilo tangu azaliwe.

Kilichokosekana ni mnunuzi. Alimwona ufukoni siku hiyohiyo, akiwatupia mbwa samaki aina ya mikeke walioharibika. Alikuwa Maman Generose, mjane mwenye mitumbwi, mwenye sauti ya kuvuka ziwa, na mwenye hamu ya mali ambayo hata kanisani ilikaa naye kiti kimoja.

"Pole, Maman," Damien alisema, kwani jokofu lake lilijulikana kwa kukosa umeme. "Frigo tena?"

"Frigo ni jina tu, mwanangu. Courant haiko, ile ni kabati. Kabati ya kuoza!"

"Na mwezi unakuja mukubwa."

"Usinikumbushe."

Kila mtu wa pwani ile anajua maana yake. Ndagala na mikeke huvuliwa kwa taa. Mwezi unapojaa, taa haziwezi kushindana nao, samaki hawapandi, mitumbwi inalala mchangani na soko linabaki na mihogo na masengenyo. Mwenye samaki siku hizo hutaja bei aipendayo.

"Maman," Damien akasema polepole, "kama unakuwa na samaki baridi wakati mitumbwi yote inalala, batu batakuita nani?"

Maman Generose aliacha kutupa samaki. Mbwa wakamtazama kwa masikitiko.

"Bataniita malkia," akasema. "Na minye nitaitika."

"Basi minye niko na frigo yenye haiombe courant. Mungu mwenyewe njo alijenga."

Walipanda mlimani. Maman Generose alisimama mbele ya tundu, na hewa ya ubaridi ikatoka ndani, tulivu, kama asubuhi ya milimani kule Haut Plateau, ikampapasa uso. Akafumba macho. Tayari aliona foleni.

"Tuingie tuone."

"Hapana, Maman!" Damien alimzuia kwa mikono miwili. "Joto ya mwili yako itaharibisha mesure, vipimo yote."

Akiwa amesimama mlangoni, upande ambao popo hawakumwona, aliielekeza simu gizani, akafunga jicho moja, akanung'unika maneno ya kisayansi, akachora. Korido ikatokea. Kona ikatokea. Kisha, nyuma ya kona, chumba.

"Iko mukubwa?" Maman Generose aliuliza akichungulia begani.

"Unataka kuweka kreti ngapi?"

"Nyingi."

Chumba kikapanuka upande wa mashariki.

"Na étagère? Samaki hapana lala chini kama mulevi."

Damien alitazama kioo kwa makini, akitafuta mahali pa rafu, akagusa hapa, akagusa pale. "Iko étagère. Ya jiwe. Mukono wa kushoto."

"Mashine haidanganye," Maman Generose alisema kwa unyenyekevu. Na hilo lilikuwa kweli tupu, kwa kuwa mashine ilikuwa haijasema chochote.

Malipo yalikuwa injini ya mtumbwi wake mkubwa. Mume wake aliinunua mwaka aliofariki, na bila hiyo watu wake wasingefika maji ya mbali. Wangebaki wakipiga kasia karibu na ufuko, kati ya wanaofua na wanaooga. Maman Generose alijua hivyo. Alijua pia kwamba mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, na tamaa ikamwambia kwamba injini ingerudi na injini nyingine mkononi. Alitia sahihi kwa furaha. Damien akaificha injini nyuma ya nyumba yake, chini ya turubai, akisubiri mnunuzi kutoka mji wa Baraka.

Kisha akasubiri kelele. Alikuwa amezoea, mtu huja akipiga mayowe, unalia pamoja naye, mnalaumu serikali, mnaachana. Alikuwa ameshatayarisha hata maneno ya kusema kwamba mapango mengine huhama. Lakini hakuna aliyekuja.

Mwezi ukajaa. Mitumbwi ikalala. Siku iliyofuata Damien alikwenda sokoni kutafuta maharage, akakuta foleni imepita maduka ya vitenge na kukunja kona. Mwanzoni mwa foleni alisimama Maman Generose, na mbele yake mikeke waliotoa moshi wa baridi.

"Mwanangu Damien!" Alimkumbatia mbele ya watu wote. "Mungu akuongezee miaka! Mesure iko juste kabisa! Hata ile étagère, iko pale mukono wa kushoto, sawa vile ulisema!"

Damien aligusa samaki mmoja. Kidole kilimuuma kwa baridi. Akaenda kuketi juu ya gunia la mtu.

Étagère! Chumba labda, mapango yana vyumba. Lakini rafu aliitunga mwenyewe, kwa kuwa mteja aliiomba. Nyumbani alikitazama kidole chake cha shahada kwa muda mrefu. Hakikuwa na tofauti na vingine. Manabii wa zamani pia, alijiambia, walikuwa na mikono ya kawaida. Je, miaka yote alipodhani anasema uongo, alikuwa tu anatangulia ukweli?

Jioni alipanda mlimani kimyakimya. Mlangoni mwa pango palikuwa na mlango mpya wa mbao wenye kufuli zito. Aliweka shavu kwenye ufa, hewa ya ubaridi ikampuliza. Moyo ukamwambia: malkia amekaa kwenye kiti chako.

"Maman, roho inanisumbua," alisema siku iliyofuata, akiwa ameketi kwa adabu uani kwa Generose. "Ile pango ni ya marehemu baba. Muntu hauzishake baba yake."

"Pole sana. Lakini minye nimeshazoea."

"Nitakurudishia moteri."

"Moteri?" Alicheka kidogo. "Moteri ilikuwa bei ya zamani, mbele ya samaki."

Damien akaongeza. "Moteri na piki yangu."

Maman Generose alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakatikisika. "Unanionea, Damien. Unanionea juu niko mujane. Leta basi sasa hivi, mbele roho igeuke."

Injini ikarudi ufukoni kabla ya adhuhuri, juu ya pikipiki ambayo nayo haikuondoka tena. Damien, akiona ni vyema kuwa mkarimu siku ya ushindi, alitaka kumpa hata ile simu.

"Simu baki nayo, mwanangu," Maman Generose alisema akimkabidhi ufunguo. "Itakusaidia mule ndani."

Damien alijifunga shuka kichwani dhidi ya popo, akawasha tochi, akafungua mlango, akaingia akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ambayo kanisani asingethubutu. Popo wakamruhusu. Alikuta korido. Alikuta kona. Nyuma ya kona alikuta ukuta.

Aliuangaza juu, akauangaza chini. Labda chumba kiko nyuma yake. Kwa hiyo Damien, kwa mara ya kwanza maishani, alipima kitu. Alivuta kamba kutoka jiwe hadi jiwe. Aliielekeza simu akiwa amefungua macho yote mawili. Alipokosea alirudia, alipochora alichora kile tu alichokiona. Alipomaliza, kioo kilimwonyesha pango zima, kweli tupu, lenye umbo la soksi.

Alikimbia nje hadi penye mtandao.

"Maman! Chumba iko wapi?"

Kwenye simu ilisikika injini ikijaribiwa. "Chumba gani, mwanangu?"

"Yenye étagère!"

"Aa! Ile ni konjelateri, chumba ya kugandisha ya masista wa kanisa. Beko na groupe, jenereta yabo, courant haikatikake. Na étagère iko kweli, mukono wa kushoto. Minye sikudanganya."

"Na mulango?"

"Mulango ni yangu. Utanirudishia."

Damien aliketi juu ya jiwe. "Kumbe ulijua."

"Nilijua siku ya kwanza, na kreti kwa kichwa! Nililia mule, popo bakanionea huruma. Kisha nikajiambia: Generose, huyu Damien anaogopa popo toka mutoto. Hata yeye hajue mule ndani iko nini." Alicheka, cheko safi lisilo na kinyongo. "Weye ulinichorea chumba kwa kidole. Minye nikakuchorea ile ile kwa mudomo. Sasa acha nikaze hii moteri, mwezi unaanza kupunguka."

Damien alikuwa bado na simu sikioni pale Kagabo alipotokea akihema. Kagabo alikuwa mfanyabiashara wa maziwa kutoka Luberizi, mtu mwenye ng'ombe wengi na maziwa mengi yaliyoganda njiani. Alikuwa kwenye ile foleni ya samaki sokoni.

"Kaka Damien, nasikia uko na frigo ya Mungu. Uza."

Jambo la ajabu likamtokea Damien. Alikuwa na ramani ya kweli mkononi, ameichora mwenyewe, na aliipenda. Alitamani mtu mwingine aione.

"Hakuna frigo, kaka. Tazama. Korido, kona, ukuta. Nimepima mwenyewe, jiwe kwa jiwe."

Kagabo aliitazama ile soksi kwa muda. Kisha akatabasamu kama mtu asiyedanganywa kirahisi.

"Nakupatia ng'ombe mbili, za kukamuliwa."

"Kaka, nakuapia kwa kaburi ya baba. Ni ukuta tu!"

"Eeh, weye!" Kagabo alimpiga begani kwa upendo. "Muji yote inajua: ulitoa moteri, ukatoa na piki, juu ya kurudisha hii pango. Muntu mujanja kama weye, atoe piki yake juu ya ukuta? Ule ukuta uko na kitu nyuma yake."

Damien alifungua kinywa ili acheke. Hakucheka. Aligeuka polepole, akaielekeza tochi ndani ya pango, upande wa kona.

"Unafikiri?" akauliza.