Rufaa ya Mama Daktari

Jumatatu, 12 Januari

Matokeo yametoka. Niko dukani tangu asubuhi, cherehani iko wazi, sishoni kitu. Mimi ni fundi wa sare za shule, na wiki kama hii huwa naijua bahati ya kila nyumba kabla ya majirani. Mzazi akiingia na kuomba koti la kijani, mtoto kapata shule kubwa. Akiomba sweta la kijivu, tunashukuru kwa hicho kidogo. Asipoingia kabisa, sisemi kitu.

Koti la kijani la binti yangu nilishalishona tangu Novemba. Lina bitana inayoteleza. Nilimpa jina la Daktari akiwa na miaka minne, siku aliyomfunga kuku bendeji mguuni, na tangu hapo mtaa mzima unaniita Mama Daktari. Hata mlangoni pa duka limeandikwa hivyo.

Taabu ni kwamba matokeo ya mtaa huu wote huchapwa kwa wifi. Dada wa mume wangu ana duka la kuchapa na kutoa nakala, ukuta mmoja na langu. Saa nne akaniletea karatasi mwenyewe, imekunjwa mara mbili, anatembea taratibu utadhani kuna mgonjwa ndani. Bayolojia E. Kemia E. Hesabu D. Fizikia C. Nikageuza karatasi kuona kama kuna cha ziada nyuma. Hakuna.

Binti yake kapata A tupu. Alisubiri nimuulize. Sikumuuliza. Akasema.

Wateja wanne wameuliza habari za Daktari. Nimewaambia mtandao unasumbua.

Jumanne, 13 Januari

Wifi kamleta bintiye kupimwa koti la kijani. Nimempima. Bega, kifua, mkono. Nilikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo sikulazimika kutabasamu.

Wifi akaanza: pole wifi yangu, ndiyo mitihani, si kila mtoto ni wa vitabu. Alisema kwa upole kabisa, na ndiyo maana iliuma. Nikatoa pini mdomoni. Nikamwambia wasahihishaji wamechanganya karatasi, na sisi tumeshakata rufaa.

Hatukuwa tumekata chochote. Neno lilitoka lenyewe. Lakini nilimwona wifi alivyonyamaza, nikajua nimepata. Rufaa! Mtu aliyefeli hana la kusema. Mwenye rufaa ana kesi, na kesi inaheshimika.

Daktari alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Baadaye akaniuliza rufaa gani. Nikamwambia ni mambo ya watu wazima.

Jumatano, 14 Januari

Ofisi ya elimu. Foleni mpaka nje. Karani ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba, na alinisomea masharti kama mtu anayemsomea mtoto. Rufaa ikiwa wazi, matokeo hayatumiki popote, si shule wala chuo. Ukiyatafuta mtandaoni utaona neno moja tu, Yanasubiri. Majibu ni baada ya miezi mitatu. Mtahiniwa lazima asaini mwenyewe. Mzazi aliyeifungua ndiye anayeweza kuifunga, na lazima aje kwa miguu yake. Akaniuliza kama mtoto amekubali.

Nikasema amekubali sana. Nikatoka na fomu hadi kwenye benchi la nje, nikamsainia. Mwandiko nilimfundisha mimi, jioni baada ya jioni, akiwa amekaa juu ya marobota ya vitambaa. Kwa hiyo kwa namna fulani ile saini ni yangu pia.

Jioni nikamwomba wifi aitafute mtandaoni namba ya mtihani ya Daktari. Yanasubiri. Neno tamu kuliko nilivyodhani. Nikamwomba anichapie nakala mbili, moja nimeibandika dukani pembeni ya kioo cha kujipimia. Leo chakula kimeshuka vizuri.

Ijumaa, 16 Januari

Daktari kazungumza mezani. Huyu mtoto si wa kuzungumza mezani.

Anaomba chuo cha ufundi. Majokofu! Nafasi ni ishirini, waombaji zaidi ya mia mbili, usaili Alhamisi ijayo. Wanataka C ya Fizikia, na anayo. Likizo nzima niliyodhani yuko maktaba alikuwa kwa fundi majokofu wa nyuma ya bucha, anajifunza kuunga mabomba.

Nikamtazama baba yake. Kazi yake ni kusoma mita za maji, na maneno huyatoa kwa kipimo hicho hicho. Akasema fomu waliijaza pamoja, tangu Desemba. Akaomba chumvi.

Nikasema Mama Daktari hawezi kuwa na binti anayezunguka kufungua mafriji ya watu. Ndipo mtoto akaniomba jambo moja, kwa adabu zote. Nisimwite tena Daktari mbele ya wateja. Tangu matokeo yatoke, alisema, kila anayemwita hivyo anacheka kwanza. Nikakubali. Nikamwambia, sawa Daktari.

Habari ya rufaa sikuigusa. Usaili wa mafundi ni maswali ya spana. Nani atahangaika kutafuta namba?

Jumapili, 18 Januari

Nina mpango. Nimemshonea fundi majokofu shati jipya, nikampelekea kwake. Mzee mwenye vidole vyeusi, uani kwake mafriji matatu yamefumuliwa matumbo. Nikamwomba amwambie binti yangu, kiutu uzima, kwamba kazi hii haiwezi.

Akapokea shati. Akashukuru. Kisha akanisimulia. Jokofu la chanjo la zahanati lilikuwa linapoteza ubaridi, na yeye alitafuta gesi inapovujia siku mbili, hakuona. Binti yangu akachanganya sabuni na maji, akapaka povu kila kiungo cha bomba, kimoja baada ya kingine, akakaa kuangalia. Saa nzima hajainuka. Akapakuta, nyuma kabisa, bomba linapopinda. Mzee akasema amefundisha vijana wengi na hajapata kama huyu. Akaniuliza ule utulivu ni mimi niliyemfundisha.

Nikasema ndiyo. Kifua kilinijaa, sitaki kudanganya. Nilifika nusu ya njia ndipo nikakumbuka nilikwenda kufanya nini, na shati limeshaondoka.

Jumanne, 20 Januari

Kitambaa cha kijani kimeisha madukani. Nimelifumua koti la Novemba, nimemtengenezea binti wa wifi. Bitana inayoteleza nimeitoa kwanza. Makwapani nimelibana kidogo, kwa makusudi, naandika hapa kwa kuwa sina pengine pa kuandika.

Akalivaa. Akajaribu kuinua mikono, ikaishia mabegani. Akasema linampendeza sana, akanishukuru. Mtoto mwema, inaudhi. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kama ile rufaa tumeshaifunga, maana amesikia chuo cha ufundi kina kompyuta pale pale kwenye chumba cha usaili, na namba isiyo na matokeo inarudishwa nyumbani.

Wifi alikuwa ananitazama. Nikasema mambo yote yako sawa.

Kesho naifunga. Ni safari ya asubuhi moja tu. Hakuna atakayejua.

Jumatano, 21 Januari

Nimekwenda. Naandika ili ijulikane kwamba nilikwenda.

Nilikuwa wa saba kwenye foleni. Akaingia mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, na wenzake wawili, wamefuata vyeti vya wajukuu. Akanikumbatia. Akaitangazia foleni nzima kwamba huyu ndiye Mama Daktari, yule mama wa rufaa, mzazi asiyekubali mtoto wake aonewe. Akasema wangekuwapo kama mimi kumi tu, wasahihishaji wangekoma. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja alinipisha nafasi yake.

Nikafika dirishani na makofi yale mgongoni. Karani akauliza anisaidie nini. Ningefanyaje? Nikamuuliza rufaa yetu inaendeleaje. Akaniangalia juu ya miwani, akasema ina wiki moja.

Nimerudi nyumbani. Nimempigia Daktari pasi shati lake la kesho. Nimelipiga mara mbili.

Alhamisi, 22 Januari

Alirudi saa sita mchana. Akanisimulia kwa mpangilio, amesimama, begi bado begani. Maandishi kapita. Vitendo kapita, wamempa bomba lililopasuka na dakika ishirini, kaliunga kwa kumi na nne. Katika watu mia mbili alikuwa wa tatu. Kisha yule bwana wa kompyuta akaandika namba yake na kumgeuzia kioo asome mwenyewe.

Akawaambia ni kosa. Wakaipigia simu ofisi ya elimu. Karani akawatumia picha ya fomu. Saini ile ilikuwa na mkia mrefu chini, na yeye, akaniambia, mkia aliuacha tangu darasa la saba. Nilikuwa sijui. Miaka minne mtoto anasaini vingine na mimi sijui.

Hakulia, hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba kuna watu wengi wangeweza kumfanyia hivi, na hakuwa amenihesabu mimi.

Chuo kimekubali kumshikia nafasi hadi kesho saa nne asubuhi, kama tutaleta karatasi yenye muhuri kwamba rufaa imefungwa. Baba yake alivua viatu vya kazi, akavivaa tena. Hajaniambia neno.

Ijumaa, 23 Januari

Saa mbili nilikuwa mlangoni pa ofisi, wa kwanza. Baba yake nje juu ya baiskeli, tayari. Mtoto kwenye geti la chuo, tayari. Kazi ilikuwa kwangu tu.

Karani akanipa fomu ya kufunga rufaa. Mistari minne. Jina, namba, tarehe, na mstari wa mwisho: sababu ya kufunga.

Nikaandika: Tumeridhika na matokeo. Karani akaisoma, akanirudishia. Kwa upole akasema chuo kimeshaeleza kwamba mtahiniwa hakusaini, kwa hiyo niandike kilichotokea, basi. Akanipa fomu nyingine. Nikaandika: Hitilafu ya kiofisi. Akanirudishia. Nikaandika: Kutoelewana kati ya pande husika. Akavua miwani, akaifuta, akanirudishia.

Maneno yenyewe ni manne. Nilimsainia mwanangu bila kumwambia. Mtoto wa darasa la pili anayaandika. Lakini nyuma yangu foleni ilishajaa, na wa tatu kwenye foleni alikuwa mteja wangu, mama wa mapacha, shingo yake ndefu. Nikamwomba karani nikaandikie nje. Akasema hapana, ni mbele yake. Nikasubiri mama wa mapacha ahudumiwe kwanza. Nikawapisha na waliomfuata, nikasema sina haraka. Nilisema hivyo kweli, kwa mdomo wangu. Baba yake alichungulia dirishani mara mbili.

Niliandika saa nne kasorobo. Bosi wa karani akapiga muhuri saa nne na dakika tano. Baba yake aliendesha baiskeli sijapata kumwona akiendesha hivyo. Chuo kilikuwa kimeshampigia mtu wa ishirini na moja, kijana wa mbali, na kijana amepokea.

Nafasi nyingine ni mwakani. Nimeketi kwenye cherehani na kulia juu ya sketi ya mtu. Imebidi niifue.

Jumatatu, 26 Januari

Amehama. Yuko kwa shangazi yake, yaani kwa wifi; hata nyumba zetu ni ukuta mmoja. Kachukua begi moja na boksi la spana alilopewa na fundi. Ataendelea na kazi kwa mzee mpaka mwakani, na fomu ya chuo ataitunza huko huko kwa shangazi. Alinieleza yote hayo vizuri, akaniamkia, akaondoka.

Wifi hakunicheka. Nilisubiri siku nzima anicheke, nimjibu, tumalizane. Alikuja jioni kurudisha bakuli langu, akasema mtoto amekula. Namsikia kupitia ukuta akizungumza mezani kwao. Anazungumza sana. Sisikii maneno, nasikia sauti tu, na nyumba yangu imenishinda kwa ukimya.

Baba yake ameanza kuniambia habari za asubuhi. Ni maneno mawili, lakini ni mwanzo.

Jumamosi, 31 Januari

Wiki nzima nimewaza. Mzazi hawezi kukaa tu na kutazama nafasi ya mwanawe ikikaliwa na kijana wa mbali aliyekuwa wa ishirini na moja. Mtoto amenyamaza kwa sababu ana haya. Lazima awepo wa kumsemea.

Kwa hiyo jana nimekwenda chuoni mwenyewe. Nimepeleka malalamiko rasmi dhidi ya mkuu wa chuo, kurasa tatu, nimeyaandika kana kwamba ni Daktari anayesema, na chini nikasaini jina lake. Nimeeleza kila kitu isipokuwa yale yasiyo na faida. Msichana wa mapokezi alisoma, akauliza kama nina hakika, maana mwenye malalamiko yaliyo wazi hapokelewi fomu mpya mpaka bodi ikae, na bodi imekaa juzi tu, haikai tena hadi mwakani mwezi wa pili, fomu zikiwa zimeshafungwa.

Nikamwambia agonge muhuri. Mtoto hajui bado. Nataka asikie siku tukishinda.