Ombi la Kuhamisha Bwawa la Shimo la Saba Kabla ya Jumamosi

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Uwanja wa Gofu.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: BWAWA

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana ni ndefu. Natumaini pia kwamba hutaikabidhi kwa karani wako kabla hujaifikisha mwisho, kwani barua zangu tatu zilizotangulia zilijibiwa na karani kwa sentensi moja moja, na sentensi yenyewe ilikuwa ileile.

Mimi ni mtengeneza miwani, mwenye lile duka la pili kutoka kona, mkabala na kinyozi. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nikicheza gofu ya ridhaa katika uwanja wako. Nacheza kila Jumamosi asubuhi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni fundi saa mstaafu, na hilo ndilo jina mnalomwita wote hapo uwanjani. Tangu mkewe afariki, Fundi Saa anaishi nasi katika chumba cha uani. Binti yake, aliyeolewa mji mwingine, amemtayarishia baba yake chumba chenye dirisha kubwa na anataka akakae naye. Mzee amekubali, ila kwa sharti moja alilolitoa mezani mbele yetu sote, kijiko kikiwa mkononi: "Sihami mpaka mpira wangu uvuke lile bwawa."

Sharti hilo lina miaka miwili sasa. Binti ameshakuja kumchukua mara nne, na mara nne amerudi na gari tupu. Anakuja tena Jumapili hii. Ndiyo maana nakuomba, Ndugu Mwenyekiti, kwa heshima na taadhima, bwawa la shimo la saba lihamishwe, na lihamishwe kabla ya Jumamosi.

Usije ukadhani mimi ni mtu wa kukimbia uwanja mgumu. Nimecheza na shemeji katika uwanja uliokatwa katikati na reli, ambako unasubiri treni ipite ndipo upige. Mpira wangu mmoja uliondoka na behewa la mbao na hadi leo sijui ulishukia stesheni gani. Tumecheza uwanja wa mlimani ambako mpira unapanda, unafika juu, unatafakari kidogo, kisha unarudi hadi miguuni pako. Tulipiga mapigo kumi na tisa bila kuhama tulipokuwa tumesimama. Na ukutani chumbani kwake Fundi Saa amebandika picha za viwanja alizokata magazetini. Kimoja kiko juu ya jabali na chini yake ni bahari. Kingine shimo lake liko kwenye kisiwa kinachotosha watu wanne wasiogombana. Hivyo ndivyo tunavyoviota, na tungeshindwa huko tungeshindwa kwa raha, kwa sababu kila mtu anaona kwamba ni kugumu. Bwawa lako ni habari nyingine kabisa, na malalamiko yangu ni haya:

1. KADI. Kadi yenu ya alama, ile anayopewa kila mchezaji, imeyapanga mashimo yote kumi na nane kwa ugumu. Shimo la saba limewekwa la mwisho, maana yake ndilo rahisi kuliko yote. Jambo hili limechapishwa kwa wino. Wageni wanalisoma. Mimi na shemeji tumefika hapo zaidi ya Jumamosi mia tano, hatujavuka hata mara moja, na kila tukirudi kadi iko mfukoni inatucheka.

2. MAHALI. Kutoka tunaposimama hadi shimoni ni hatua mia moja na ishirini. Maji yanaanza hatua ya sabini na kuishia hatua ya mia moja na kumi. Fundi Saa, aliyezoea kupima vitu vidogo kwa kazi yake, amefuatilia mipira yake yote na kugundua kwamba huanguka hatua ya tisini na tano. Si ya tisini na nne, wala ya tisini na sita. Mtu anayeangusha mpira mahali pamoja kwa miaka kumi na moja hawezi kuitwa mchezaji mbaya. Huyo ni mchezaji wa uhakika, na saa zote za mji huu zilipita mikononi mwake. Kwa hiyo, kama mpira unafika mahali pake kila wiki na shimo halipo, naomba kamati ijiulize nani kakosea.

3. BATA. Kuna bata sita pale bwawani. Wachezaji wengine wakifika, bata hubaki majini wanaogelea bila wasiwasi, kwa sababu mipira inapita juu. Tukifika sisi, wanatoka majini. Wanatoka kwa mstari, wanakaa ukingoni na kutuangalia hadi tumalize. Sidhani kama katiba ya uwanja inaruhusu mwanachama kufanyiwa hivi.

4. MZEE ANAYETUBEBEA MIFUKO. Ni mtu mwema na sitaki aulizwe chochote. Lakini shemeji akianza kunyanyua fimbo, yeye tayari ameshatoa mpira wa pili mfukoni na kuufuta.

5. UPEPO. Fundi Saa amejaza daftari mbili kuhusu upepo wa shimo la saba. Zinaonyesha kwamba upepo hutulia tunapokuja, hutulia tunapochagua fimbo, hutulia hata tunapobishana, kisha huamka sekunde nne baada ya fimbo kunyanyuliwa. Tulijaribu kuuhadaa kwa kunyanyua fimbo na kuishusha bila kupiga. Haukuvuma. Ukiweza kunieleza huo ni upepo wa namna gani, nitafuta kipengele hiki.

6. MIWANI. Hili naliandika kwa aibu, lakini haki haipatikani kwa kuficha mambo. Mwaka juzi niliona kwamba tatizo la shemeji ni kuyaona maji. Basi nikakaa dukani siku tatu nikamtengenezea miwani maalumu ambayo nusu yake ya chini ni nyeusi tii, ili macho yaone bendera tu na yasione bwawa. Kazi ilikuwa safi. Aliposimama na kuinama kupiga, aliona bendera vizuri sana, na bwawa hakuliona. Mpira pia hakuuona, kwa kuwa mpira nao uko chini. Alipiga mara tatu. Mara ya kwanza alipiga hewa, mara ya pili udongo, na ya tatu akapiga mfuko wangu. Naye hakukata tamaa. Akaichukua fimbo yake nyumbani, akaichoma vitundu na kutia madini ya risasi kwenye kichwa cha fimbo ili ibembee kwa kipimo cha ule uzito unaoning'inia ndani ya saa ya ukutani. Fimbo ile ilibembea vizuri mno hata ikawa haitaki kusimama. Mambo haya yote, Ndugu Mwenyekiti, chanzo chake ni bwawa, na ndiyo sababu nayaorodhesha kama hasara iliyosababishwa na kamati.

7. JUMAMOSI ILIYOPITA. Hapa naomba usome taratibu. Fundi Saa alipiga, na kwa mara ya kwanza mpira ukapita hatua ya tisini na tano. Ukapita ya mia. Ukatua ng'ambo, kwenye nchi kavu, mimi nikiwa shahidi na bata sita wakiwa mashahidi, kisha ukateleza kwenye tope na kurudi majini. Alikosa hatua moja. Tulitembea hadi nyumbani yuko kimya njia nzima, chai hakuinywa, akaenda kulala mchana, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Uchungu wa mzee yule niliuona kwa macho yangu, na nikaapa kwamba safari hii ataondoka akiwa amevuka, hata kama ni lazima bwawa lenyewe ndilo liondoke.

Kwa kuwa sipendi kulalamika bila kupendekeza, naweka mezani njia tatu na kamati ichague:

(a) Bwawa likaushwe. Nimepiga hesabu. Wanachama sitini wakija na ndoo mbili mbili kuanzia kesho asubuhi, tutamaliza Ijumaa jioni. Mimi nitaleta beseni la mke wangu, ambaye bado hajaambiwa.

(b) Ikishindikana, bwawa libaki na shimo lihamie katikati yake, hatua ya tisini na tano, bendera yake isimikwe kwenye pipa. Wachezaji wengine watalalamika kwamba mipira yao inapita mbali. Watazoea, kama tulivyozoea sisi.

(c) Ikishindikana hiyo pia, kamati itangaze kwa maandishi kwamba maji ya shimo la saba ni majani. Msiseme haiwezekani. Mwaka jana mlitangaza kwamba kile kichuguu cha shimo la kumi na mbili ni sehemu ya kawaida ya uwanja, na sote tukatii, tukapanda na kushuka.

Naamini kamati yenye busara kama yako haitakubali mzee wa watu azuiwe kwenda kuishi na mwanawe kwa sababu ya maji yasiyofika hata kifuani. Nakijua kina chake kwa sababu nimeshaingia mara nyingi kutafuta mipira.

Wako nisiyechoka kuandika, na ambaye bado nimesimama hatua ya sifuri,

Mtengeneza Miwani.

Nisalimie karani wako, na umwambie simchukii. Msalimie mkata majani, mama wa jikoni, mlinzi wa getini anayetuuliza kila wiki kama tumevuka, na mkeo na watoto. Bata usiwasalimie.

N.B. Mke wangu ndiye huzisoma barua zangu kabla sijazifunga, kwa sababu ya mwandiko. Hii ameisoma akiwa amekaa sakafuni anakunja mashati ya kaka yake na kuyapanga kwenye sanduku kwa ajili ya Jumapili. Alicheka kwenye bata, na kwenye beseni akanitazama. Alipofika mwisho akaniuliza kitu kimoja tu, bila hata kuinua macho kutoka kwenye shati: "Na akishavuka, Jumamosi utacheza na nani?"

Nimekaa na swali hilo tangu saa tatu asubuhi na wateja wawili nimewapa kila mmoja miwani ya mwenzake. Kwa kweli sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa na malalamiko saba na hakuna hata moja lililosema kwamba nitamkosa. Nitamkosa sana. Hata ubishi wetu kuhusu upepo nitaukosa.

Kuna jambo jingine. Katika kipengele cha saba nimeandika kwamba Jumamosi iliyopita alinyamaza kwa uchungu. Mke wangu, ambaye alikuwa dada yake muda mrefu kabla hajawa mke wangu, anasema ule haukuwa uchungu. Anasema kaka yake aliogopa, kwa sababu aliuona mpira ukitua ng'ambo na akadhani basi imekwisha.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba uyafute malalamiko yote, la kwanza hadi la saba, pamoja na ndoo. Nisingekutumia kabisa barua hii, ila nina ombi moja limebaki na ni la haraka. Mzee sasa amebakiza hatua moja tu, na mkono wake umeanza kupata nguvu. Tafadhali mwambie mkata majani aache majani siku mbili achukue jembe, alipanue bwawa upande wa ng'ambo. Hatua tatu zinatosha. Mimi mwenyewe nitakuja Ijumaa na beseni kusaidia kuongeza maji.