Saa ya Ngoliba Ilivyomchagulia Kaka Yangu Bibi Harusi

Leo nimevuliwa nguo mbele ya watu, na suti nilikuwa nimeivaa. Naandika nikiwa nyuma ya tanki la maji, hapa Gatongora, nyumbani kwa akina shemeji yangu mtarajiwa. Acha niwaeleze mwenyewe, wenzangu wa saa, kabla hamjaona video.

Kwa wageni wa kikundi hiki: naitwa Njuguna, wa Kamenu, Thika. Siku za kazi napakia magunia ya unga katika duka la jumla. Siku nikiwa huru natafuta saa za mkono za zamani. Ninazo tisa. Hazitumii betri. Ni zile unazozungusha kifungo cha pembeni asubuhi ndipo zitembee. Wenzangu wa rika langu wanatafuta wake. (Sasa mnajua kwa nini sina.)

Iliyo bora kati ya hizo tisa niliipata Ngoliba, kwa mzee mmoja mkulima wa ndengu. Ilikuwa imetundikwa kwenye msumari kando ya mlango. Mzee alidhani imekufa. Haikuwa imekufa, ilikuwa na kiu ya mafuta tu. Tulielewana, nikaileta Thika, fundi akaifungua na kuiosha, na tangu siku hiyo haijanidanganya hata dakika moja. Imetengenezwa Uswisi kabla baba yangu hajazaliwa. Uso wake ulikuwa mweupe, sasa umekuwa rangi ya chai yenye maziwa mengi. Mishale yake ni ya buluu. Ni ndogo, kwa sababu wanaume wa zamani hawakutembea na sufuria mkononi. Mkanda niliushona mwenyewe kwa ngozi ya kahawia na uzi mweupe. Hakuna mwingine kama huo, kwa sababu mishono yake imepinda na sina haja ya kuirudia.

Wiki iliyopita Wambui alinipigia simu. Wambui ndiye msichana anayeolewa na kaka yangu Karanja.

"Shem, nina ombi. Ile saa yako ndogo, unaweza kuniazima nivae siku ya ruracio? Inaenda na nguo yangu."

Karanja mwenyewe ameniomba saa hiyo mara tatu na nimekataa mara tatu. Lakini Wambui ndiye mtu pekee ambaye nikimwelezea habari za saa husikiliza mpaka mwisho. Nikampelekea. Nikamfundisha kuizungusha taratibu, na kuacha kifungo kikianza kukaza. Karanja hatukumwambia, maana angenuna.

Ruracio ndiyo siku upande wa mwanamume unapopeleka mahari. Yetu ilikuwa leo. Na siku hiyo kuna mchezo ambao si mchezo: wanawake kadhaa wanafunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, wanasimamishwa mstari mmoja, na bwana harusi anatafuta wake bila kufunua. Akimshika asiye wake, anatoa faini ya mbuzi, kisha anapewa maneno. Mbuzi hulipwa mara moja. Maneno hulipwa hadi wajukuu.

Karanja hakulala vizuri kwa ajili ya jambo hilo. Tulipokuwa tunafunga tai nyumbani akaniambia, "Mimi leo nataka kitu kimoja tu. Nimpate mara ya kwanza. Mume wa dada yake alikosea mara mbili, na mpaka leo akiingia boma lile anaitwa Mbuzi Mbili."

"Utampata," nikamwambia.

"Nitampataje na amefunikwa kama gunia?"

Nikamnyoosha tai. Lakini ndani nilikuwa natabasamu. Mimi nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa limefungwa mkononi mwa Wambui.

Tukafika Gatongora. Tukapokelewa, tukaomba, tukala. Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuvimba. Mjomba wa Wambui, mfanyabiashara mkubwa wa Ruiru, alikuwa amevaa saa ya kisasa, chuma na dhahabu, nzito kama kufuli. Binamu yetu mmoja akanong'ona kwamba ni feki. Binamu huyo hajui kunong'ona.

"Nani amesema hii ni feki?" mjomba akauliza.

Meza nzima ikatazama pilau. Karanja, kwa kuogopa mahari yasiharibike, akanitoa sadaka. "Huyu ndugu yangu anajua saa. Mwacheni aseme."

Mimi ambaye nikitumwa dukani naomba Mungu muuzaji asiniulize swali. Watu wote wakanigeukia. Lakini mjomba aliponipa ile saa mkononi, aibu ikaniacha. Nikatazama mshale wa sekunde ukiteleza bila kurukaruka. Nikapima uzito. Nikasoma maandishi madogo ukingoni, kila herufi imenyooka. Nikaiweka sikioni.

"Ni ya kweli," nikasema. "Lakini ina miaka mingi haijaoshwa. Inaanza kuchoka."

Mjomba akachomoa simu yake, akalinganisha. "Imepoteza dakika nne," akasema polepole. "Na mimi nimekuwa nikilaumu wafanyakazi kwamba wanafika mapema wakiwa na njama."

Watu wakacheka, mzee mmoja akanipigia makofi, na mama yangu akainua kidevu kana kwamba ni yeye aliyeitengeneza saa. Sitawaficha, nilijisikia mrefu. (Kumbe mtu hurefushwa ili aanguke kutoka juu.)

Kisha wakaingizwa wale wanawake. Walikuwa saba. Walifunikwa leso mbili mbili, wengine wameinama, wengine wamepinda magoti ili wabadilishe kimo. Shangazi zake Wambui wanaimba na kutuchokoza.

"Bwana harusi, chukua muda wako, mbuzi hatuna haraka naye!"

Karanja akapita mstari mara moja. Akarudi. Akasimama mbele ya wa tatu, akainamisha kichwa, akatulia. Akainua mkono.

Wakati huo huo mimi nilikuwa namtazama wa sita. Leso yake ilikuwa imeteleza upana wa kidole tu, na pale niliona ngozi ya kahawia. Niliona uzi mweupe. Niliona mishono iliyopinda.

"Siyo huyo!" nikasema.

Nyimbo zikakatika. Sikumbuki kama nimewahi kusema kitu mbele ya watu wengi hivyo. Karanja alinigeukia mkono ukiwa hewani.

"Unasema?"

"Siyo huyo. Ngoja."

Nikatoka kwenye kiti. Nikaenda hadi kwa yule wa sita, nikainama, nikaweka sikio karibu na mkono wake. Fikirieni picha hiyo: kijana wa suti, ameinamia leso, macho ameyafunga, na boma zima limenyamaza. Shangazi mmoja akauliza, "Huyu ni daktari?" Sikujali. Niliisikia. Tik-tik-tik-tik, mbio nyepesi kama panya mdogo juu ya mabati. Ni saa yangu. Sauti yake naijua hata nikiwa na homa.

"Ni huyu," nikamwambia Karanja.

Akaja karibu, akaninong'oneza. "Njuguna, yule wa tatu nilikuwa namhisi."

"Unahisi. Mimi najua."

"Una hakika?"

"Kuliko jina langu."

Kaka yangu aliniangalia. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kufanya tangu tuzaliwe: akanisikiliza. Akamshika wa sita begani. Shangazi wakaifunua leso.

Alikuwa nyanya yake Wambui.

Cucu mwenyewe, mwembamba, amenyooka, hana jino la mbele, na saa ya Uswisi mkononi. Akamtazama Karanja juu hadi chini kama mtu anayekagua ng'ombe.

"Nimekubali," akasema. "Lakini kupika, siku hizi sipiki."

Sitaeleza kelele zilizofuata. Mtaziona katika video. Mama yangu aliyekuwa ameinua kidevu alikiingiza ndani ya kitambaa chake. Binamu yetu wa kunong'ona alianguka kutoka kwenye kiti, na safari hii hakunong'ona.

Kumbe asubuhi shangazi walimkagua Wambui kabla ya kumfunika. Wakaiona saa. Wakamuuliza, na yeye, mtu wa ukweli, akaeleza ni ya nani. Shangazi mmoja akasema mwenye saa ataijua hata gizani. Wakaivua, wakamfungia cucu, kisha wakaivuta leso yake kidogo, makusudi kabisa. Upana wa kidole. Waliniwekea mtego na chambo ni saa yangu mwenyewe.

Na ninyi mtaniuliza, Njuguna, mkono wa cucu hukuuona? Ngozi ya mtu wa miaka ile? Wenzangu, nani hutazama ngozi kukiwa na saa?

Faini ya mbuzi ikatangazwa. Karanja akaenda moja kwa moja kwa wa tatu, akamshika, na alikuwa Wambui, analia kwa kicheko ndani ya leso.

"Ulimjuaje?" nikamuuliza baadaye, kwa sauti ndogo sana.

"Akizuia kicheko bega lake la kushoto hupanda," akasema. "Na wewe uliponiita, lilipanda hadi sikioni." Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Tayari walikuwa wameanza kumwita Bwana wa Cucu, na jina hilo ni mimi niliyempa.

Mjomba mwenye saa ya dhahabu alimwendea cucu, akaitazama ile ndogo kwa muda mrefu, akaniita. Akasema ananunua, nitaje bei yoyote. Kabla sijafungua mdomo cucu akauficha mkono ndani ya shuka.

"Haiuzwi," akamwambia. "Kijana huyu ameniacha nishikwe begani mbele ya boma zima. Nitaivaa hadi siku ya harusi, ndiyo faini yake yeye." Kisha akanigeukia. "Njoo unionyeshe inavyozungushwa."

Nikapiga magoti, nikamwonyesha. Vidole vyake vilikizungusha kile kifungo vizuri kuliko vya Wambui. Akaiweka sikioni, akafumba macho, akatulia vilevile kama mimi. Mjomba akasimama pale, dhahabu yake mkononi, hakuna aliyemwangalia. Nilivimba tena kidogo. Ndipo mtoto fulani akapita akiigiza daktari na sikio lake mkononi mwa mwenzake, nikakumbuka tanki la maji.

Video ikifika hapa, naomba jambo moja tu. Kabla ya kucheka, isimamisheni pale leso inapofunuliwa, muikuze, muitazame ile saa. Saa sikukosea. Nilikosea mwanamke tu.