Serikali Isilipie Matibabu ya Uzazi, Itatuharibia Ndoa Izimbya

Ndugu Mhariri,

Baada ya salamu, naomba nafasi ndogo gazetini kwako nipinge jambo la hatari. Juma lililopita mtaalamu mmoja wa uchumi alisema redioni kwamba Serikali ilipie matibabu ya watu wasiopata watoto, hata yale ya kupandikiza mimba. Alidai kila mtoto atakayepatikana atakua, atafanya kazi, atalipa kodi na kurudisha gharama mara kadhaa. Mimi ni mkulima wa kahawa na katibu wa kikao cha ukoo wetu. Sina mtoto, na nipo kwa mke wa tatu. Kwa hiyo nina uzoefu ambao mtaalamu yule hakuonyesha kuwa nao. Malalamiko yangu ni haya:

1. Utaratibu wetu haujawahi kuigharimu Serikali hata shilingi. Mwanamke akimaliza miaka mitano bila kuzaa, kikao kinaitishwa, tunakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, anarudishwa kwao. Hapo anafaidika muuza mbuzi, na mwenye pikipiki ya kumbeba mama na sanduku lake. Kisha inakuja mahari mpya, kamati mpya, turubai na mpiga picha. Mimi peke yangu nimewapa watu kazi mara tatu. Je, maabara itakodi turubai?

2. Bibi Klaudia, muuza dawa za mizizi, anasomesha wajukuu sita kwa machozi ya wake zetu. Serikali imejiandaa kuwapokea?

3. Nikifa bila mrithi, kibanja changu, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kitakwenda kwa mdogo wangu Apolinary, mwenye watoto tisa, ambaye ameshaanza kuja kupima mpaka kwa hatua. Mtaalamu atasema hiyo ni hoja ya kuunga mkono matibabu. Hapana. Inaonyesha tu kwamba nahitaji mke wa nne haraka.

4. Hili ndilo zito. Nasikia huko hospitali wanampima na mwanamume, tena wanaweza kuanza na yeye, eti kipimo chake ni rahisi zaidi. Huu ni uchumi gani? Kwetu mwanamume akishalipa mahari amekwisha kupimwa.

Mpaka sasa bei ndiyo ilikuwa ikitulinda. Mke wangu Renatha aliponiomba twende, nilimjibu kwamba Dar es Salaam ni mbali na mamilioni hayo hatuna, akarudi jikoni. Baada ya redio ile aliweka chini kisu cha kumenyea ndizi, akasema, “Ikiwa ni bure, tutaenda wote wawili.” Nimeoa mara tatu, Mhariri, na sijawahi kuogopa maneno ya mwanamke kama hayo.

5. Kikao cha kumrudisha Renatha ni Jumamosi ijayo, na ndizi za rubisi zimeshafukiwa ziive. Naomba barua hii itoke kabla ya hapo, na Serikali itangaze kwamba fedha hakuna, kama ilivyozoea kututangazia kuhusu barabara.

Wasalimie wote ofisini, kuanzia kwako hadi mlinzi wa getini. Wajumbe wa kikao wanakusalimu. Apolinary naye anakusalimu, ingawa hakuombwa.

Wako katika kutetea uchumi wa ukoo,
Gozbert Lwakatare,
Izimbya, Bukoba Vijijini.

Nyongeza, ambayo tafadhali usiichapishe: Jana nilikwenda Muleba kwenye ubatizo, nikakutana na Celina, mke wangu wa kwanza, niliyemrudisha kwao Ngenge kwa kutozaa. Alikuwa na mtoto mgongoni na wengine watatu wamemshika sketi. Alinisalimia kwa heshima, akauliza hali ya nyumbani. Joyness, yule wa pili, sijathubutu hata kumuulizia. Kikao cha Jumamosi nimekifuta. Niulizie kwa mtaalamu huyo kama mwanamume wa miaka hamsini na miwili bado anapokelewa, na huduma itaanza lini. Mwulize pia, katika hesabu zake, wanawake wawili niliowarudisha kwao bila kosa wanaandikwa wapi.