Profesa Asiye na Kadi

Jumatatu, 8 Oktoba 2018

Daktari wa macho hakuzunguka. Presha ya macho imeshakula jicho la kushoto la dada yangu Dévote, na la kulia limebakiza miezi. Dada aliitikia kwa kichwa kana kwamba anaambiwa habari za mvua. Aliyelazimika kukaa chini ni mimi.

Baba alichukuliwa na askari wakati wa mauaji ya mwaka 1972, kule Burundi, nikiwa na miaka miwili, na hakurudi. Nyumba ilichomwa. Picha hatuna hata moja. Amebaki mtu mmoja tu duniani anayeijua sura yake, naye ni dada, aliyekuwa na miaka kumi na moja.

Jana baada ya misa, Kamugisha alinivuta pembeni. Ni Mhaya wa Bukoba, ana miaka hamsini na bado anasoma shahada, na suruali zake za jinzi anazipiga pasi. Akasema maktaba ya chuo chake, huko Richardson, mji wa jirani hapa ughaibuni, ina gazeti la zamani la wamisionari lililohifadhiwa kwenye mikanda ya filamu. Lina picha za parokia yetu ya Burundi, za miaka ya sitini. Akajitolea kunipeleka. Nikamwambia asijisumbue, nimefanya utafiti kwenye maktaba kubwa kuliko hiyo.

Maktaba yenyewe ilikuwa sanduku la bati katika kambi ya wakimbizi Kigoma. Lakini ufunguo nilikuwa nao mimi.

Jumanne, 9 Oktoba

Nilitoka zamu ghalani saa nane mchana, nikavaa koti la harusi yangu, nikapanda treni hadi Richardson. Milango ya maktaba inafunguka yenyewe. Nilisimama nikitafuta pa kushika mpaka msichana mmoja akanipita na mlango ukamfungukia.

Ndani, kila mtu anajua anakokwenda. Hilo ndilo la kutisha. Hata anayelala kwenye kochi amelala kama mwenyeji. Sikujua mikono niiweke wapi. Nikaizunguka ghorofa ya chini mara tatu, nikisoma vibao kwa uso wa mtu aliyetumwa kuvikagua.

Mzunguko wa nne, kijana mmoja akanisimamisha. Akauliza kama mimi ndiye fundi wa printa. Kusema hapana kungeleta swali la pili: basi wewe ni nani? Nikasema ndiyo.

Nusu saa nzima nilipiga magoti nikifungua na kufunga vifuniko. Niliikuta inachapa kwa mistari. Niliiacha haichapi kabisa.

Dada nimemwambia utafiti umeanza vizuri.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nimegundua kasoro ya juzi: sikuwa na cheo. Leo nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya mapokezi, nikajitambulisha kwa Kifaransa kuwa Profesa Anicet, mtaalamu wa historia. Msichana wa mezani akanijibu kwa Kiingereza, polepole, akaomba kadi. Nikasema kadi iko njiani. Akanipa fomu ya wageni. Penye mada ya utafiti nikaandika: siri.

Simu ikaita. Dada. Nikainama na kumnong'oneza kwa Kiswahili atulie, hawa watoto hawajui kitu, wameshaamini mimi ni profesa.

"Profesa," msichana akasema, kwa Kiswahili safi cha Kenya, "simu tunaongelea nje."

Ndipo nikaisoma beji yake. Kagendo.

Nilitoka nje. Nilikaa kwenye benchi saa nzima nikitafuta namna ya kurudi ndani na uso ule ule. Sikuipata.

Jumamosi, 13 Oktoba

Leo nilimkwepa Kagendo kwa kuingia nyuma ya kundi la wanafunzi, nikapanda hadi ghorofa ya tatu kutafuta mikanda mwenyewe. Rafu na rafu. Namba, herufi, namba tena. Vitabu maelfu, vyote vimenipa mgongo. Filamu hakuna.

Nilipochoka nikasukuma mlango wenye maandishi mekundu, nikidhani ni wa ngazi. Ulikuwa wa ngazi kweli, ngazi za kukimbilia moto. King'ora kililia jengo zima. Wanafunzi wote walishuka, wakasimama kwenye mvua wamekumbatia kompyuta zao, wakinitazama mimi na mlinzi aliyenishika kiwiko.

Katika umati ule akatokea Kamugisha. Akamwambia mlinzi mimi ni kaka yake, mgeni wa jengo, nisamehewe. Akalisema kwa upole. Upole huo ndio siwezi kumsamehe.

Kwenye treni nilikaa na koti linalochuruzika. Nikafikiri kwamba Baba, angeingia mle, wangemuuliza kama yeye ni fundi. Naye angesema ndiyo, na ingekuwa kweli. Alikuwa mwashi.

Jumatatu, 15 Oktoba

Asubuhi dada aliweka chumvi kwenye chai. Hakuliona kopo vizuri. Tuliinywa yote.

Mchana nikarudi Richardson. Nilikuwa nimejiandaa na hadithi ya kongamano la wanahistoria. Kagendo akaniwahi.

"Mzee, unatafuta nini haswa?"

Mdomo ukajibu kabla yangu. Nikasema: baba yangu.

Hakucheka. Aliuliza jina la parokia na miaka, akaandika, akageuza skrini nione. Mikanda iko stoo ya nje, italetwa keshokutwa. Kazi yote ilichukua dakika nne. Mimi nilikuwa nimeihangaikia wiki nzima.

Akaniambia nije na dada, kwa sababu mashine inakuza picha hadi iwe kubwa kama dirisha. Nikasema dada huchoka haraka. Uongo. Nilitaka nimpelekee mimi mwenyewe, mkononi, kama mwanamume aliyeleta kitu nyumbani.

Jumatano, 17 Oktoba

Kagendo aliupachika mkanda kwenye mashine, akanionyesha namna ya kuzungusha, akaniacha. Miaka ikapita mbele yangu, ya kijivu. Ubatizo. Baiskeli ya padri. Shamba la kahawa. Ng'ombe mmoja alipewa ukurasa mzima.

Saa ya pili nikaipata: wanaume saba mbele ya kanisa letu, mwaka 1968. Chini yake jina moja tu, la padri. Wengine wameandikwa "wasaidizi wake."

Niliwatazama saba wale mpaka macho yakaniuma. Mtu anamtafutaje asiyewahi kumwona? Mwishowe nilitafuta uso wangu. Wa tatu kutoka kushoto ana masikio yangu. Nikaamua ni yeye. Nikachapisha, kwenye printa nyingine.

Nyumbani dada aliipeleka karatasi dirishani, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Akauliza kama Baba yumo. Nikasema yumo, wa tatu, ana shati jeupe na amesimama vizuri.  Kisha akasema yeye anaona moshi tu, nimpeleke Jumamosi akamwone mwenyewe.

Jumamosi, 20 Oktoba

Nilimpeleka. Alivaa kitenge cha Pasaka. Alipita milango ile bila kusita, ameshika mkono wa Kagendo, kana kwamba jengo ni la shangazi yake.

Kagendo akaikuza picha mpaka uso mmoja ukajaza skrini. Dada akainama, pua karibu iguse kioo. Wa kwanza. Wa pili. Akafika kwa wa tatu. Akapita. Wa nne, wa tano, wa sita, wa saba.

"Hayumo," akasema.

Nikamwambia aangalie tena wa tatu. Akasema wa tatu hamjui, na Baba alikuwa mfupi, tena hakuwa na shati jeupe maishani mwake.

Akamwomba Kagendo asogeze picha juu ya vichwa vyao. Matofali yakajaza skrini. Dada akayatazama kwa muda mrefu kuliko nyuso.

"Siku ya picha mafundi hawakuitwa," akasema. "Lakini huu ukuta ni wake. Nilikuwa nampelekea maji hapa."

Akaweka kiganja kwenye kioo. Kagendo akageukia upande mwingine. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Hatuna sura yake. Ikifika Krismasi, pengine halitabaki jicho la kuitambua.

Jumapili, 21 Oktoba

Baada ya misa watu walinizunguka wakiuliza kama nilimpata. Kamugisha alikuwepo, na mikunjo yake ya pasi. Dada alikuwa bado ndani anasali. Sikuweza kusema nimeleta ukuta.

Nikaitoa karatasi. Nikaweka kidole juu ya wa tatu. Nikasema: huyu ndiye Baba.

Wakasifu masikio. Karatasi ikapita mikononi hadi kwa mama Généreuse, ambaye ana miaka sabini na minane na huwa hasemi na watu. Aliishika muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo sana, kwamba huyo ni Jean-de-Dieu, mume wake. Shati alilishona yeye. Walimchukua mwaka ule ule, na yeye hakuwahi kuwa na picha yake.

Hakuna aliyenitazama. Ingekuwa afadhali wangenitazama.

Mama aliuliza kama anaweza kuishika hadi Jumapili ijayo. Nikamwambia ni yake. Akaikunja ndani ya kitenge, kifuani, na akalia bila sauti. Nilitamani kusema kitu cha kweli. Nilikuwa nacho mdomoni.

Badala yake nilisikia sauti yangu ikieleza kwamba nilikuwa najua, kwamba katika utafiti sisi wataalamu humjaribu kwanza shahidi.

Kabla sijatoka getini, watu wanne walishanipa majina ya baba zao. Kamugisha akasema mikanda mingine iko Houston, kwenye maktaba ambayo haipokei mgeni bila barua, na kwamba barua anaweza kuniombea chuoni kwake, ni jambo la siku mbili. Nikamwambia asijisumbue.

Nimeshalifikiria. Padri haulizwi barua. Kesho baada ya zamu nitatafuta kola nyeupe.