Boksi la Marcelo na Maksai wa Milembe

Marcelo hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango, na Marcelo maisha yake yote alifunguliwa mlango, akakaribishwa ndani na kuletewa kiti. Msimu ule pamba ilipoachiwa wanunuzi binafsi, alishuka Bariadi na suti moja, mwenzake mmoja aitwaye Rodgers, na gitaa la umeme la nyuzi kumi na mbili. Gitaa lilikuwa la bendi ya shirika moja la umma huko Mwanza. Shirika lilikufa, bendi ikalifuata, na vyombo vikarithiwa na waliokuwa karibu na stoo.

Siku ya pili tu, sokoni, alimsikia mzee mmoja akimlalamikia muuza chumvi. Mzee huyo ni Mboje, manju wa ngoma ya Bagalu, na wapinzani wake Bagika walikuwa wamemshinda miaka mitatu mfululizo. Sasa, mashindano ya ngoma Usukumani hayana mtu wa kuandika alama. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watu wanakimbilia kunakonoga. Anayebaki peke yake na vumbi lake ameshindwa.

"Nikipata dawa ya kuvuta watu," Mboje alisema, "natoa hata maksai wangu wawili."

Marcelo aliposikia maksai, alinyoosha tai.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, ng'wanawane. Wa wapi wewe?"

"Wa huko huko kwenye dawa."

Kesho yake walikuwa uani kwa Mboje. Rodgers aliunga spika kwenye betri ya gari, Marcelo akapiga. Ilikuwa aibu. Nyuzi nene zilifoka, nyembamba hazikusikika, na mbuzi mmoja aliondoka. Ndipo Marcelo akakanyaga boksi dogo la bati, la bluu. Nyuzi zote kumi na mbili zikajipanga sawa, zikalia kwa pamoja, tena zikalia muda mrefu. Marcelo hakuwa ameongeza ufundi wowote. Kazi yote ilifanywa na boksi.

"Hii ni kompresa," alisema kwa unyenyekevu.

"Ya kujazia baiskeli upepo?"

"Ile inabana upepo, baba, hii inabana sauti. Kubwa inaikandamiza, ndogo inainyanyua. Hakuna kidogo kinachopotea mbele ya boksi hili." Hapo akakohoa, na spika nayo ikakohoa.

Milembe, mke wa Mboje, alikuwa amesimama na mikono kifuani. Maksai wale, Kapteni na Bwana Shamba, ndio waliomlimia ekari zake nne za pamba. Bila wao angelima kwa jembe la mkono, na mkono wake wa kulia ulishavunjika mara moja, haujapona vizuri.

"Mbona limekohoa na wewe?" aliuliza.

"Sumaku za gitaa ni kuukuu, mayu. Ukiinama karibu zinadaka hata pumzi. Hii swichi ya kuzungusha naiacha robo. Nikiifungua mpaka mwisho, mtasikia hadi siafu."

"Na boksi lisipovuta watu?"

"Maksai wanabaki kwenu. Likivuta, maksai wangu, gitaa na boksi vyenu. Hakuna maneno."

"Hakuna maneno!" Mboje aliwahi, kabla mkewe hajafumbua mdomo.

Milembe akaenda kuwanywesha maksai maji. Alilia huko kidogo, akanawa uso, akarudi.

Sasa, hapa msomaji aelezwe jambo moja. Kwenye mkoba wa Rodgers kulikuwa na boksi la pili, la bati, la bluu, na ndani yake kipande cha sabuni ya mche ili liwe na uzito. Magitaa yalikuwa mengi mjini, kompresa ilikuwa moja, na Marcelo hakuwa mtu wa kuuza kitendea kazi.

Siku ya mashindano Joakim, manju wa Bagika, alikuja na chatu. Nani aache chatu akasikilize gitaa? Uwanja wote ulihamia kwa Joakim. Mboje alicheza mpaka miguu ikamwaka, akitazamwa na watu wanane, watano kati yao wanawe. Marcelo akapumzika. Milembe akapita, akalifuta boksi vumbi kwa ncha ya kanga yake, kote kote, pamoja na swichi. Marcelo aliupenda usafi ule.

Kisha akainama juu ya gitaa ili Mboje asisikie, akanong'ona:

"Rodgers, hawa washamba hawaji. Mpe mzee boksi la sabuni, la kweli tia mkobani, tuswage maksai twende. Kesho wako mnadani Lamadi. Huyu mzee acha akanyage sabuni mpaka afe."

Uwanja mzima ukasikia kila neno, hadi mate yalivyomezwa.

Hee! Watu wakatimka. Walikimbia kuja kumwona mtu anayeiba kwa kipaza sauti. Walikuja akina mama na watoto, walikuja sungusungu na fimbo zao, wakaja hata wapiga ngoma wa Joakim. Upande wa pili alibaki Joakim na chatu. Rodgers alikuwa ameshaingia kwenye mahindi, mkoba ameuacha.

Marcelo alitazama fimbo, akanyoosha tai.

"Wazee wangu, nilisema boksi litavuta watu. Hebu geukeni mtazame."

Wakageuka, wakatazama. Mboje, ambaye tayari alikuwa amebebwa juu juu kama mshindi, alijikuna kichwa.

"Kweli limevuta," alisema.

"Basi maksai ni wake," Milembe alisema. "Hakuna maneno. Ila ng'ombe hawatoki kijijini bila kibali cha mtendaji. Thomasi, mpe kibali."

Thomasi, mtendaji wa kijiji na mdogo wake Milembe, alijipapasa mifuko yote, hata wa shati.

"Kitabu cha vibali kimekwisha, dada. Kipya baada ya mavuno."

"Mavuno haya?"

"Yajayo."

Sungusungu wakasogea karibu kidogo, kwa heshima.

"Nitakula nini mpaka mavuno yajayo?" Marcelo aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kweli.

"Wewe una maksai wawili," Milembe alimjibu. "Mimi nina ekari nne, na ugali."

Mvua ziliponyesha, Marcelo alishika plau nyuma ya Kapteni na Bwana Shamba, suruali ya suti ameikunja magotini. Suti ile Milembe aliifua kwa sabuni ya kwenye boksi, ikatakata. Mwaka huo hakushika plau wala jembe, mara ya kwanza tangu aolewe. Alikaa ukingoni mwa shamba, mkono wake mbovu ukijifunza nyuzi kumi na mbili, boksi miguuni, swichi imefunguliwa mpaka mwisho. Marcelo akitaka kunung'unika, alingoja kwanza maksai wafike upande wa pili.