Kondoo Dume Mmoja Aliyenifanya Mseja

Kiwanda cha Kahawa cha Ruguta,
Githongo.
14 Septemba 1984

Kwa Afisa wa Kodi za Mishahara.

Mheshimiwa Bwana Afisa,

KUH: KUFANYWA MSEJA BILA KUULIZWA

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe pamoja na mama watoto, ikiwa ofisi yako bado haijamwondoa.

Mimi ni Elijah Mbaabu, karani wa mizani katika kiwanda hiki kwa miaka kumi na sita. Nina mke mmoja, Kiende, ambaye ni mwalimu wa darasa la tatu, na watoto watano, wote wakiwa na pua yangu. Nayasema haya mapema kwa sababu tangu mwezi wa tano karatasi yangu ya mshahara inasema mimi ni mseja.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa nne ulimtuma karani wako, Bwana Njoka, aje kujaza fomu mpya za kodi. Ni mtu wa adabu, nyumbani kwao ni Siakago. Alipofika kwenye swali la ndoa, badala ya kuniuliza kama nina mke, aliniuliza kama nimemaliza mahari. Sasa mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kudanganya. Nikamwambia kwamba mwaka wa 1971 nilipeleka ndama, fahali, kondoo jike na asali, ila kondoo dume alikata kamba njiani akaingia msituni, na mpaka leo hajarudi. Bwana Njoka akaandika pole pole, akanishukuru, akanywa chai vikombe vitatu. Fomu hiyo nimekuja kuiona kwa macho yangu mwenyewe. Imeandikwa: "Ndoa haijakamilika. Bado kondoo dume." Basi nikatolewa katika kundi la wenye familia, nikatiwa katika kundi la waseja, na kodi yangu ikapanda kwa shilingi themanini na nne kila mwezi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hapa kwetu mshahara hutolewa dirishani, na keshia wetu ana sauti ya mnadani. Siku hiyo alisoma mbele ya wakulima wote waliopanga foleni ya kahawa: Mbaabu, mseja. Kabla sijafika nyumbani, Kiende alikuwa ameshaambiwa na watu wanne. Na Jumapili iliyofuata mchungaji aliniomba nipumzike kidogo kukusanya sadaka, kwa sababu mseja mwenye watoto watano ni jambo linalohitaji kuelezwa kwanza.

2. Kila mwezi wa nane kiwandani tunacheza mpira, wenye ndoa kwa waseja. Nimekuwa golikipa wa wenye ndoa tangu zamani, kazi ya kusimama tu na kupiga kelele. Mwaka huu walinikataa. Nikahamishiwa kwa waseja, vijana wa miaka ishirini wasiochoka, wakaniweka winga wa kulia. Nina miaka arubaini na tatu, Bwana Afisa. Goti la kushoto bado limevimba, na tulifungwa saba.

3. Baba mkwe wangu, Mzee Mithika wa Ruiri, ana kondoo sitini. Yule mmoja alikuwa amemsahau kabisa. Kwa miaka kumi na mitatu tulikula Krismasi naye, akinishika bega na kuniita mwanangu. Alipopata habari za karatasi yangu alikuja na wazee wawili, wakakaa bila hata kuvua makoti, na maneno yake yalikuwa machache: "Mbaabu, hata serikali imeona."

Kiende naye akasema yeye ni mwalimu, ana jina lake, hawezi kuonekana akimpikia mseja. Akafunga nguo zake na za watoto, wakaenda Ruiri. Shule zilikuwa zimefungwa lakini sasa zimefunguliwa, na watoto wangu wanasoma huko, kwa walimu nisiowajua. Nimebaki na kuku na redio. Nimemkosa sana Kiende, naandika hivyo bila aibu. Jana nilipika ugali ambao hata kuku waliuangalia tu.

4. Mambo hayo ningeyavumilia kama sheria ingekuwa ya wote. Lakini, Bwana Afisa, tangu lini mahari yakaisha huku kwetu? Mahari hayamalizwi. Ukimaliza, wakwe watakuja kwako kufanya nini? Nilichukua daftari la mizani nikawauliza wafanyakazi wenzangu mmoja mmoja. Tuko arubaini na mmoja. Aliyemaliza ni sifuri. Meneja wetu, Bwana Marete, bado blanketi na mtungi wa asali. Mchungaji bado mbuzi wawili, na ndiye amenisimamisha. Bwana Njoka mwenyewe, katika kile kikombe cha tatu, aliniambia bado mbuzi saba huko Siakago. Kwa hiyo fomu yangu ya useja ilijazwa na mseja.

5. Tena tukifuata njia hiyo hatutajua pa kusimama. Marehemu babu yangu alifariki akiwa bado hajapeleka fahali mmoja. Basi babu alikuwa mseja. Baba yangu naye hajamaliza, ingawa ana miaka themanini na wajukuu ishirini na wawili. Ina maana mimi natoka katika ukoo wa waseja watupu, vizazi vitatu, na sijui tumefikaje hapa. Kuanzia Ruiri hadi Siakago hamna mtu aliyeoa. Itabidi serikali iwatangazie wananchi, na sijui itatumia maneno gani.

6. Sasa ombi langu. Kwa miezi minne mmenikata shilingi mia tatu na thelathini na sita. Nimeulizia sokoni Ruiri, kondoo dume mzuri ni mia tatu na ishirini. Kwa hesabu hiyo, kondoo wangu yuko kwenu. Mmekuwa mkimkata kidogo kidogo, mguu mwezi huu, mbavu mwezi ujao, na sasa ametimia. Naomba mmpeleke Ruiri. Awe mweupe wote, asiwe na kilema, asiwe mzee. Asindikizwe na maafisa wasiopungua watatu, wavae viatu vilivyofungwa kwa sababu mzee hapokei mahari kutoka kwa watu wa ndala, na mmoja awe anajua kuzungumza na wazee bila kutazama saa. Shilingi kumi na sita zinazobaki mnunue sukari. Msimwambie mzee mlikuwa mnapita tu. Hiyo itaharibu kila kitu.

7. Mkishindwa, basi nitumieni mpishi.

Naamini ombi hili ni dogo kwa ofisi kubwa kama yako. Nisalimie makarani wote, anayepiga taipu na anayepika chai, na Bwana Njoka umwambie sina kinyongo naye, ila asirudi peke yake. Kutoka huku wanakusalimu Bwana Marete, keshia, wakulima wote waliosikia, na timu nzima ya waseja.

Mimi wako mtiifu,
Elijah Mbaabu,
Karani wa Mizani (mwenye mke).

Tanbihi: Nilikuwa nabandika stampu, Kiende akaingia langoni na watoto wote watano na kondoo dume mweupe kwenye kamba. Amemnunua kwa mshahara wake mwenyewe. Aliyemuuzia ni baba yake, Mzee Mithika, aliyeambiwa kwamba ni nyama ya sherehe ya walimu, akampunguzia shilingi hamsini kwa kuwa ni binti yake. Jumamosi nitampeleka Ruiri kwa heshima zote, nikiomba Mungu kondoo asilitambue zizi lake na kumkimbilia mama yake.

Nilipomwambia Kiende nimefurahi kuwa sasa nimeoa, alinikabidhi kamba ya kondoo. "Aliyetoa kondoo ndiye aliyeoa," akasema. "Wewe umeolewa." Nikakubali, maana sufuria ilikuwa tayari motoni. Kwa hiyo, Bwana Afisa, malalamiko yote saba nayafuta. Niache katika useja na uendelee kunikata. Lakini umtumie Mwalimu Kiende fomu ya mwenye familia haraka, kwa sababu ameshaandika majina ya wanaomtegemea, wakubwa kwa wadogo, na mimi niko wa sita, baada ya mtoto wa kunyonya. Mzee Mithika asiambiwe.